Mama Gundi na Daftari Lililofutwa

Kuna watu wakisafiri husahau ufunguo, wengine husahau miwani. Mama Gundi alisahau mtoto. Najua wapo watakaomtetea, waseme hakumsahau bali alimwacha kwa dada yake, tena kwa nia njema, tena kwa miezi mitatu tu. Haya, tuseme ni hivyo. Lakini miezi mitatu ikizaa miaka kumi na mmoja, hiyo nia njema inabaki na ladha gani? Nitasimulia yote, ya kumsifu na ya kumsuta, na kila mtu atabaki na lake moyoni.

Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa fundi wa kutengeneza karatasi chakavu katika Nyumba ya Nyaraka, jengo la ghorofa tatu lenye madirisha membamba, ambako serikali ilihifadhi rejista, ramani na majalada yake ya zamani. Alikuwa na shahada ya historia, ila shahada hiyo haikumpa kazi ya historia, ilimpa kazi ya gundi. Kutwa alikaa chumba cha nyuma akipika uji mwepesi wa wanga, akiupaka kwa brashi kwenye karatasi nyororo, akiziba kurasa zilizoliwa na mchwa, kisha akizikandamiza chini ya ubao mpaka zikauke. Jioni alirudi nyumbani na wanga chini ya kucha. Baba wa mtoto alikwisha kwenda zake kabla mtoto hajaota meno, na hilo halina hadithi ndefu. Aliondoka, basi.

Nyumba ya Nyaraka ilikuwa na sheria zake. Anayetaka kusoma ananawa mikono na kuikausha. Anaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, anapewa jalada moja kwa wakati, na anatumia penseli tu, maana wino ukidondoka juu ya karatasi ya zamani umeiua. Hakuna kinachotoka nje ya chumba. Na ukinakili, unanakili vyote, hata kile kisichokupendeza. Mkuu wa chumba cha kusomea, mwanamume mkavu asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa akiwaambia wapya kwamba anayeruka neno leo kesho ataruka mtu. Mama Gundi alikaa na sheria hizo miaka kumi na minne mpaka zikamwingia mwilini. Hata karatasi ya kwendea sokoni aliiandika kwa penseli.

Nyumbani sheria hizo alizigeuza mchezo. Binti yake alikuwa mwembamba, macho makubwa, na mdomo ambao haukujua kupumzika, ndiyo maana mama yake alimbandika jina la Chiriku. Jioni Chiriku alisimama mbele ya meza ya jikoni, anaonyesha viganja vyote viwili, anachora kitu kama minyoo kwenye kitabu cha wageni, ndipo anakabidhiwa kitabu chake cha picha. Akijaribu kutoroka nacho kwenda kitandani, mama anakohoa kama mlinzi na kusema jalada halitoki nje ya chumba hiki. Basi wote wawili wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Chiriku alipotimiza miaka sita, bomba lilipasuka ghorofa ya juu ya Nyumba ya Nyaraka, maji yakalowesha rejista kumi na mbili za wakazi wa mji. Zote zililetwa kwa Mama Gundi azikaushe. Ya tisa aliiona nzito kuliko ilivyostahili. Kurasa zake za katikati zilikuwa zimebandikwa karatasi tupu juu yake, moja baada ya nyingine, na mtu asiyejua kazi, na sasa maji yalikuwa yamezilegeza. Aliinua pembe moja kwa kisu butu. Chini yake akakuta majina ya watu.

Yalikuwa ya watu wa mtaa uliokuwa nyuma ya kiwanda cha ngozi. Vitabu vya shule vilisema pale palikuwa kinamasi tangu na tangu, na sasa palikuwa na maghala. Lakini kila mtu mzima alijua, na kila mtu mzima alinyamaza. Miaka arobaini nyuma watu wa mtaa ule walipakiwa kwenye malori kwa siku nne, wakatawanywa nchi nzima, nyumba zikasawazishwa, na ramani zikachorwa upya. Aliyeuliza aliitwa ofisini. Mama yake Mama Gundi, dobi aliyekufa na siri zake, hakuwahi kusema alizaliwa wapi, na kila walipopita karibu na maghala yale alikuwa akigeuza uso upande wa pili. Mama Gundi alikuta jina la mama yake kwenye mstari wa kumi na saba wa ukurasa wa tatu. Alikaa kitako sakafuni, mkono umeshika kisu, mpaka kengele ya mchana ikalia.

Tangu siku hiyo hakula tena mchana. Wenzake wakitoka yeye alibaki ananakili, siku kumi na tisa, kwenye daftari kubwa la jalada jeusi lenye kurasa sitini. Jina, kazi, idadi ya watoto. Fundi saa, watoto watatu. Mjane, muuza maziwa, mtoto mmoja. Majina elfu moja mia tatu na kumi na mawili, na yote kwa penseli, maana angewezaje kufungua kalamu ya wino katika chumba kile? Mkono wenyewe ungekataa.

Siku ya ishirini rejista ile ilichukuliwa, na baadaye alisikia imechomwa. Yeye alipewa barua ya mistari miwili ya kumwachisha kazi. Jioni akaja nyumbani mwanamume aliyevaa viatu vinavyong'aa, akakataa kukaa, akamwambia kwa upole kwamba mtu mwenye mtoto ni vizuri apende usingizi wake. Chiriku alikuwa mezani, viganja juu, anasubiri kitabu.

Hapo ndipo Mama Gundi alipofanya hesabu zake. Daftari lile sasa lilikuwa nakala pekee duniani, na kutembea nalo ni kulipoteza. Tena majina matupu ni karatasi tu kama hakuna mtu hai wa kusema ndiyo, huyu nilimjua, aliishi mlango wa tatu. Ilibidi awatafute waliobaki kabla hawajafa. Akamchukua mtoto akampeleka kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyeishi mji mwingine, katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi wa kazi. Daftari akalichomeka katikati ya madaftari ya Chiriku ya darasa la kwanza, kwa kuwa hakuna askari anayepekua hesabu za kujumlisha za mtoto. Hakumwambia dada yake. Alimwambia mtoto peke yake: hili ni jalada la mama, halitoki nje ya chumba hiki mpaka nirudi. Chiriku akaitikia kwa kichwa. Akauliza ni siku ngapi. Mama akasema chache.

Basi akaenda. Njia za kutafuta watu waliofichwa hazina ramani. Mzee mmoja alimwelekeza kwa binamu yake, binamu akamwelekeza kwa mshona viatu, na mshona viatu alikuwa amekufa wiki iliyotangulia. Aliishi kwa kuziba vitabu vya shule na maktaba, mji huu miezi minne, ule miezi saba. Alipanga chumba ambacho mguu mmoja wa kitanda ulikuwa tofali, akapanga kingine juu ya karakana ya seremala ambako msumeno ulimwamsha kila asubuhi. Alikuwa na vikombe viwili, na kimoja hakikuwahi kuonja chai. Katika kila chumba alichora mstari mdogo wa penseli kwenye fremu ya mlango. Huo ulikuwa urefu wa Chiriku, kwa kukisia. Mchana alipita karibu na shule, akatazama watoto wa miaka minane, au kumi, au kumi na miwili, akapima kwa jicho, akirudi akachora. Alipohama aliufuta, kwa kuwa chumba ni cha watu.

Alikuwa mpweke, na hakuwa na wa kumlaumu. Kuna wiki zilizopita bila yeye kuitwa jina lolote na mtu yeyote. Akipata homa alijipikia uji mwenyewe, akaunywa amekaa ukingoni mwa kitanda, akajiambia pole mwenyewe kwa sauti. Wazee aliowapata kwanza walimkana, wakasema hawajui mtaa wowote nyuma ya kiwanda chochote. Siku ya pili au ya tatu walifungua mlango kidogo zaidi. Na karibu wote, kabla hawajasimulia lolote, waliuliza swali lilelile moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza matokeo ya hospitali. Waliuliza, mimi nimeandikwa? Akawajibu, umeandikwa. Kuna waliolia, na yeye akawashika mikono. Mikono ya wazee wa watu aliishika sana. Mtoto wake mwenyewe alikuwa anakua mbali.

Mwaka wa tano alipiga simu dukani jirani na dada yake, akaomba aitwe fundi cherehani. Fundi alikuwa na gauni mashineni, akamtuma mtoto. Mama Gundi akasikia sauti ya msichana wa miaka kumi na mmoja ikiuliza nani mwenzangu. Siku zile ilisemekana simu zinasikilizwa. Akasema yeye ni mteja, anaulizia gauni lake. Mtoto akakimbia kuuliza, akarudi akihema, akasema mama mkubwa anataka kujua gauni gani. Mama yake akajibu la bluu, akakata simu. Akasimama kwenye kibanda cha simu mpaka aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega.

Na hapa naomba tusemane ukweli. Mwaka wa sita yule wa viatu vinavyong'aa alikwisha kustaafu, na hakuna aliyekuwa akimfuata tena. Angeweza kurudi. Alijiambia kila mara amebaki mzee mmoja tu, amalize huyo, halafu arudi. Mzee mmoja alizaa mwingine. Halafu, na hili alilijua akalificha hata kwake mwenyewe, aliogopa. Ni rahisi kubisha hodi kwa mtu aliyekusahau kuliko kwa mtu aliyekungoja.

Mwaka wa kumi na mmoja redio ikatangaza kwamba mambo ya mtaa ule sasa yanaweza kuzungumzwa. Ikafunguliwa ofisi ya kupokea watu. Wazee wake walikuwa arobaini na mmoja, wakaenda na fimbo zao, na ofisi ikawaambia inataka orodha, haiwezi kufungua jalada kwa maneno ya mdomo. Wote wakamgeukia Mama Gundi. Majina waliyokuwa nayo kichwani hayakufika mia mbili. Yaliyobaki yalikuwa kwenye rafu ya mtoto, na bila daftari lile mtaa ulibaki kinamasi. Siku ya pili akapanda basi.

Dada yake hakuinuka. Alikuwa nyuma ya cherehani, futi ya kupimia shingoni, mvi zimeenea kichwa kizima. Akamtazama mdogo wake kutoka viatu mpaka kichwa, akamwambia akae. Kisha akashona upindo mzima wa sketi bila kusema. Alipomaliza akaeleza, taratibu, kama anayesoma vipimo. Wanaume walikuja mara mbili kuuliza. Tangu hapo katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kumtaja, wala picha yake haikukaa ukutani, na mtoto aliambiwa akiulizwa shuleni aseme mama alikufa.

"Nilikuzika mara mbili kwa mdomo huu huu," dada akasema. "Kuzaa si kazi, mdogo wangu, kazi kulea. Sasa umekuja kwa ajili gani?"

Mama Gundi akajibu amekuja kumwona binti yake. Dada akautazama mkoba wake mkubwa mtupu, akarudi kwenye sketi.

Chiriku aliingia saa kumi, ametoka kazini, rangi nyekundu imemganda vidoleni. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka. Kitu cha kwanza mama yake alichokiona kilikuwa urefu. Mstari wa mwisho aliochora mlangoni ulikuwa chini yake kwa kiganja kizima. Akasimama, akafungua mikono, na binti akampa mkono mmoja, wa salamu, kama anavyompa mteja. Akamwamkia shikamoo. Akamwuliza safari. Chiriku aliyekuwa hafungi mdomo alisema maneno sita, na katika hayo sita halikuwamo neno mama.

Walikaa, chai ikaletwa. Mama akauliza kazi, akajibiwa nzuri. Akauliza shule, akajibiwa aliimaliza. Akaona hana tena mahali pa kupitia, akauliza kama yale madaftari ya zamani yapo.

"Nilikuwa nahesabu utachukua muda gani kuliulizia," binti akasema. "Hata chai haijapoa."

Akamwongoza chumbani kwake. Kitanda, meza chini ya dirisha la magharibi, rafu moja. Daftari jeusi lilikuwa palepale, halikuwa limetoka nje ya chumba kile hata siku moja kwa miaka kumi na mmoja. Mama Gundi akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua ukurasa wa kwanza.

Hakukuwa na majina. Kulikuwa na picha za katuni, vyumba vidogo vidogo vya penseli mstari kwa mstari, hadithi moja ndefu iliyojaza daftari zima. Mwanamke mwenye mkoba mkubwa anapanda mnara. Mwanamke anavuka mto juu ya kamba, anaingia kwenye ngome yenye milango saba, anaiba kitabu kilichofungwa minyororo na kukimbia nacho huku askari wakianguka mtaroni kama magunia. Mikono ya mchoraji ilikua kurasa zikiendelea, mwanzoni miguu kama vijiti, baadaye mtu mzima na mikunjo ya nguo. Lakini mwanamke yule, kurasa zote sitini, alichorwa kwa mgongo. Hakuwa na uso hata mara moja. Na kuanzia ukurasa wa ishirini alivaa gauni lililopakwa rangi ya bluu.

Mama Gundi aliliona gauni lile akaelewa kwamba mtoto aliyepokea simu alimjua tangu siku ile.

"Nilifuta kwa raba," Chiriku akasema, amesimama mlangoni. "Nilipojua kusoma nililisoma lote, jina kwa jina. Nilikuwa natafuta langu. Watu zaidi ya elfu moja, mpaka muuza maziwa yumo. Mimi simo. Basi nikafuta, na mama mkubwa hakutaka kuninunulia karatasi ya kuchorea, nikachora humo."

Msomi mzima na shahada yake, akawazia askari, akawazia mchwa, akawazia moto. Hakuwaza kwamba mtoto hukua akajua kusoma. Angeandika kwa wino, raba isingefua dafu, lakini mkono wake wa Nyumba ya Nyaraka haukujua wino. Wazee arobaini na mmoja waliuliza kama wameandikwa, akawajibu. Wa arobaini na mbili alikuwa mbele yake na hakuwa na jibu. Binti alingoja kidogo, kisha akasema anakwenda kuipasha chai.

Jua lilikuwa limeshuka, linaingia dirishani kwa ubavu, chini kabisa. Mama Gundi alipogeuza ukurasa, mwanga ukaulalia, na macho yake ya ufundi yakaona kitu ambacho mtu mwingine asingekiona. Penseli ikibonyezwa hukata mfereji kwenye karatasi. Raba huondoa weusi, mfereji inauacha. Na yeye aliandika daftari lile gotini, kwa haraka, akibonyeza kwa nguvu. Akaliinamisha kidogo. Chini ya mnara, chini ya miguu ya vijiti, vivuli vyembamba vikajipanga vikawa herufi. Fundi saa, watoto watatu. Wapo. Wote wapo.

Sasa nitasema, na simfichi. Alilifunga daftari akalitia mkobani. Alijua kituo cha basi kilipo. Alijua wazee wanne kati ya arobaini na mmoja hawainuki tena kitandani. Akafunga kishikizo cha mkoba, akainuka, na Chiriku alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya chai.

Hakupiga kelele. Aliviweka vikombe mezani, mbali na ukingo, kama alivyofundishwa zamani.

"Jalada halitoki nje ya chumba hiki," akasema.

Mama Gundi alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akalitoa daftari akalirudisha mezani. Akaeleza, kwa kukatakata, juu ya mwanga na mifereji, juu ya wazee, kwamba majina yanaweza kusomwa tena, akiomba wiki moja tu kulichukua. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari jipya, akalipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, unachosoma.

"Utasomea hapa," akasema. "Saa kumi na moja, jua likiwa chini. Mikono mikavu, penseli tu. Ukurasa mmoja kwa siku."

"Ni miezi miwili, mwanangu. Wazee wanakufa."

"Mimi nilisubiri zaidi ya hiyo."

Mama Gundi akanawa mikono, akaikausha, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni katika nyumba ambayo binti yake analala.

Akapanga chumba mtaa wa pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kila siku saa kumi na moja alikuja, akabisha hodi kama mgeni yeyote, akanyoosha viganja, akatia sahihi. Chiriku alivuta pazia akaacha upenyo wa vidole vitatu, kisha akakaa kwenye kigoda nyuma yake, kimya, kama mlinzi wa chumba cha kusomea. Mama alisikia pumzi yake kisogoni. Jua likipotea nyuma ya paa la jirani alifunga daftari, akasema asante, akatembea peke yake kurudi chumbani kwake, ambako kikombe cha pili kilikuwa bado hakijatumika. Jioni tatu za kwanza zilikuwa za upweke kuliko miaka yote kumi na mmoja, kwa sababu sasa alijua mtoto yuko umbali wa dakika sita. Dada mtu alimwona akipita mbele ya cherehani, akashindwa kuvumilia, akamsukumia sahani ya chakula bila kumtazama. Akasema asidhani amesamehewa, ni chakula tu kilibaki.

Siku ya nne, ukurasa wa nne. Mwanamke wa katuni alikuwa ananing'inia kwenye dirisha la ngome. Chini yake Mama Gundi alisoma fundi magodoro, watoto watano. Alisoma mpiga chapa, hana mtoto. Alikuwa akinakili polepole, neno kwa neno, alipofika mstari wa tisa akakuta mifereji mingine imeukatiza. Ilikuwa mikubwa, imepinda, herufi nyingine zimegeuka nyuma mbele, imebonyezwa kwa nguvu zote za mkono mdogo. Haikuwa yake. Mtu aliyafuta majina kwanza, akaandika hapo, kisha akafuta tena kabla ya kuchora.

Akaliinamisha daftari kwenye mwanga. Mama leo nimengoka jino. Nimelificha nikuonyeshe.

Pumzi nyuma yake ilisimama. Binti alikuwa amejua kilichomo humo siku zote, na hakujua kama kitaonekana.

Mama Gundi alishika penseli. Kisha akaandika kwenye nakala yake, chini ya mpiga chapa asiye na mtoto, kwa mwandiko uleule wa kazi: Mama leo nimeng'oka jino. Akasita. Akafuta akarudia kama lilivyoandikwa, bila kusahihisha. Mama leo nimengoka jino. Nimelificha nikuonyeshe.

"Hilo si la mtaa," Chiriku akasema.

"Liko kwenye ukurasa."

"Wazee wako hawalihitaji. Liruke."

"Siruki neno," mama akasema. Machozi yalikuwa yanamdondoka, akalisogeza daftari mbali yasiliguse. "Nilikuruka wewe miaka kumi na mmoja. Sikuruki tena."

Cherehani ya mama mkubwa ikasimama ukumbini, halafu ikaendelea. Mama Gundi alisikia kigoda kikiburutwa sakafuni, akadhani binti anatoka. Chiriku alizunguka nacho meza, akakiweka upande wa pili, akakaa uso kwa uso na mama yake. Akamtazama, kwa muda mrefu, paji, macho, mdomo, kama fundi anayepima ukuta kabla ya kuandika bango. Kisha akanyoosha mkono, akasogeza pazia kidogo, mwanga ukashuka zaidi juu ya karatasi.

"Endelea," akasema. "Chini yake kuna lingine."